Kati ya Ndevu na Moyo

Mnaniuliza kila wiki mbona kwa video za Januari uso wangu ni mwembamba na kwa za Juni umejaa kama sahani. Wengine mnasema ni pesa imeingia. Aki natamani. Pesa ingekuwa imeingia, singekuwa nabeba mitungi ya maji hadi orofa ya nne kila Jumamosi.

Uso ni dawa. Ni steroidi. Nimezimeza tangu nikiwa na wiki mbili duniani, na sasa nina miaka 23. Sijawahi kukaa siku nzima bila hizo tembe, na daktari yeyote anayejua kazi yake atakwambia nisijaribu.

Ugonjwa wenyewe una jina refu la kuchosha: haipaplasia ya adrenali ya kuzaliwa nayo. Madaktari wamefupisha wakasema CAH, na mimi nitasema hivyo hivyo. Hauambukizi. Si laana ya upande wa baba, na si kitu mathe alikula akiwa na mimba yangu. Ni jeni. Baba alinipa nakala moja yenye kasoro na mama akanipa ya pili, na wote wawili wako na afya yao tu, kwa sababu mtu mwenye nakala moja mbovu huwa haugui. Wakikutana wawili wa aina hiyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto kama mimi. Ndugu zangu wawili walikwepa. Mimi nikadaka.

Sasa fuata pole pole. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo inaitwa adrenali. Hiyo tezi inatengeneza kortisoli, homoni inayokuamsha asubuhi na kushikilia sukari na presha mwili ukipata mshtuko. Inatengeneza pia aldosteroni, inayozuia chumvi isiishie yote kwa mkojo. Na inatengeneza androjeni, zile homoni watu huziita za kiume ingawa kila mwanamke anazo kidogo. Mimi ninakosa kimeng'enya cha kutengeneza hizo mbili za kwanza. Ubongo unaona kortisoli haipo, unatuma amri: ongezeni kazi! Tezi zinajituma hadi zinavimba, lakini njia ya kortisoli imezibwa, kwa hivyo malighafi yote inageukia upande wa androjeni. Fikiria Thika Road imefungwa na kila gari, hadi malori, yameamua kupitia mtaa wenu.

Ndiyo sababu nina ndevu. Ndio, umesoma vizuri. Kidevuni na chini ya masikio. Na chunusi za mgongo, na hedhi inayokuja ikitaka.

Aina kali ya CAH kama yangu humpata takriban mtoto 1 kati ya 15,000. Kuna aina nyepesi ambayo ni ya kawaida zaidi, na wasichana wengi walio nayo huambiwa ni ovari zenye vifuko, wanapewa tembe za kupanga uzazi na kurudishwa nyumbani. Kama una ndevu na hedhi yako haina ratiba, kuna kipimo cha damu kinaitwa 17-haidroksiprojesteroni, na huchukuliwa asubuhi mapema. Uliza tu. Kuuliza hakulipishwi.

Nilizaliwa 2002. Kuhusu mwili wangu siku ile nitasema tu kwamba mkunga alisita kabla ya kumwambia mathe ni msichana. Mengine ni yangu na siyatoi ili nipate watazamaji. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,524 wa jinsia mbili hapa Kenya, na baadhi ya walio na CAH hujitambua hivyo, wengine hapana. Kila mtu aachiwe jina lake. Lakini kusita kwa yule mkunga ndiko kuliniokoa, kwa sababu siku ya 12 nilipoanza kutapika na kukauka, daktari wa zamu tayari alikuwa na shaka. Chumvi ilikuwa inanitoka mwilini. Wavulana wenye ugonjwa huu hawaonekani na tofauti yoyote ya kusitisha mtu wakizaliwa. Wanarudishwa nyumbani, wiki ya pili au ya tatu wanatapika, wanazimika, na watu wanasema ilikuwa homa ya tumbo, au jicho la mtu. Uswidi wamekuwa wakipima kila mtoto mchanga tangu 1986, tone la damu kutoka kisiginoni, basi. Sisi bado hatumpimi kila mtoto.

Nikiwa mdogo chumvi ilikuwa rafiki yangu. Mathe alikuwa akinikuta jikoni nimeingiza mkono kwa kopo, nalamba kiganja. Embe mbichi bila chumvi na pilipili sikuona maana yake. Nikinunua yai la kuchemsha stejini, kachumbari ningemwachia muuzaji lakini chumvi aongeze, tena aongeze. Na daktari wa watoto alisema sawa, mwili wake unajua unachokosa, mpe. Kwa hivyo nilikua nikijua mambo mawili: steroidi ni uhai, chumvi ni uhai. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno moja kuhusu moyo.

Tuje mwaka huu.

Februari nilipata homa ya mapafu. Mtu kama mimi akipata homa, dozi huongezwa mara mbili au tatu, kwa sababu mwili wa kawaida hujiongezea kortisoli wenyewe ukiugua na wangu hauwezi. Nikianza kutapika tembe hazikai, kwa hivyo ni sindano ya haidrokotisoni, miligramu 100, na hospitali mara moja. Nililazwa siku tano. Nilipotoka, vipimo vilionyesha androjeni ziko juu sana, daktari akaniachia prednisoloni ya juu kuliko ya zamani. Kufikia Aprili ndevu zilikuwa karibu zimeisha. Ngozi ikawa laini. Enyewe nilipendeza, na simwombi mtu msamaha kwa kufurahia. Nilikuwa nimenyoa kila asubuhi tangu kidato cha pili, kwa choo cha bweni, taa ikiwa imezimwa.

Mei kampuni moja ya mafuta ya uso ikanitafuta. Video sita, kamera karibu kabisa, mwanga wa dirishani, bila vipodozi. Msee, hiyo ilikuwa kodi ya miezi minne. Mimi ni mtu niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo na bili za hospitali zilikuwa zinagombania mfuko mmoja, na hospitali haikubali kulipwa muhula ujao. Hii kazi ya video ndiyo kazi yangu. Sina nyingine nimeficha.

Juni nikaenda kliniki ya kawaida. Nesi akafunga ile kitambaa mkononi, mashine ikakaza, ikaachilia. Akaangalia namba. Akahamia mkono wa pili. Akaangalia tena.

"Wewe ni wa miaka mingapi, mrembo?"

"Ishirini na tatu."

"Hebu kaa hapo dakika kumi. Usiguse simu."

Ilikuwa 148 kwa 94. Baada ya dakika kumi, 146 kwa 94. Mathe wangu ana miaka 51, anauza mboga amesimama kutoka saa kumi na moja asubuhi, na presha yake ni 124.

Daktari hakunificha. Alichora kwa nyuma ya fomu ya maabara. Steroidi ikizidi, alisema, inapandisha sukari, inaleta mafuta tumboni na usoni, inapandisha presha, inaharibu mpangilio wa kolesteroli. Hiyo ni barabara ya kwanza kwenda kwa moyo. Steroidi ikipungua sana, androjeni zinapanda, na kwa mwanamke androjeni nyingi hufanya mwili usiisikie insulini vizuri. Hiyo ni barabara ya pili. Halafu fludrokotisoni, ile tembe yangu ndogo ya chumvi, inafanya figo zishikilie chumvi na maji. Mtoto mchanga anahitaji nyingi, lakini mahitaji hupungua mtu akikua. Dozi ikibaki ya zamani, presha inapanda. Barabara ya tatu. Akaangalia faili. Dozi yangu ya fludrokotisoni haikuwa imeguswa tangu nikiwa na miaka tisa.

"Na chumvi unakula aje?"

Nilicheka, kisha nikaacha.

Nilichokuwa nasomea chuo ni takwimu. Sikumaliza digrii, lakini uwezo wa kusoma jedwali hawakuninyang'anya getini. Usiku ule nilikaa na simu hadi saa tisa. Uswidi wanaweka rekodi za kila mtu, na 2014 watafiti walichapisha walichopata wakifuatilia watu 588 wenye CAH ya aina yangu, kila mmoja akilinganishwa na watu 100 wasio nayo. Hatari ya kufa ilikuwa mara 2.3 kwa wanaume wenye CAH. Kwa wanawake ilikuwa mara 3.5.

Nilisoma hiyo namba nikaweka simu chini. Nikaenda nikakunywa maji. Nikarudi.

Kisha nikafanya kile mwalimu wa takwimu angetaka nifanye, nikauliza ni watu wangapi hasa. Waliokufa katika hao 588 walikuwa 23. Yaani asilimia 3.9, dhidi ya asilimia 1.6 kwa wale wa kulinganishwa. Ni wachache, na ukiwa na wachache namba ya mwisho huyumba. Hao watafiti wenyewe waliandika kwamba hiyo 3.5 inaweza kuwa popote kati ya 2 na 6. Tena wengine walizaliwa zamani, kabla ya upimaji wa watoto wachanga. Kwa hivyo sijalala nikiota jeneza. Lakini hata ukichukua upande wa chini kabisa, 2 bado ni mara mbili.

Na walikufa na nini? Asilimia 42 walikufa kwa kuishiwa na kortisoli ghafla, ule mzozo wa adrenali ambao ulikaribia kunimaliza nikiwa na siku 12. Asilimia 32 ni moyo na mishipa ya damu. Nataka uzisome hizo mbili pamoja, kwa sababu najua vile mtandao wetu unafanya kazi. Mtu atakata hii sehemu ya moyo, atabandika kichwa cha habari "steroidi zinaua", na msichana fulani Kitale atamwaga tembe zake chooni. Atakuwa amekufa kabla moyo wake haujapata hata nafasi ya kuugua. Kinachoua zaidi ni kukosa dawa. Usiache dawa. Usipunguze mwenyewe. Kama kuna sentensi moja ya kuchukua picha hapa, ni hiyo.

Uingereza nao waliangalia watu wazima 203, ripoti ikatoka 2010. Asilimia 41 walikuwa na unene wa kupindukia, asilimia 46 kolesteroli iliyopanda, asilimia 29 miili isiyosikia insulini vizuri. Wanawake wenye aina kali walikuwa na ile presha ya chini, namba ya pili, imepanda kuliko wengine. Yangu ni 94. Na hawa ni watu wenye kliniki maalum na dawa isiyokatika. Mimi kuna miezi nimezunguka River Road nzima nikitafuta fludrokotisoni, naonyeshwa kila kitu kinachoanza na herufi F.

Hapa ndipo nakasirika kidogo. Mwongozo wa Endocrine Society ya Marekani wa 2018, ambao ndio madaktari wengi huufuata kwa ugonjwa huu, unasema watu wazima wenye CAH wapimwe presha na uzito kila mwaka, wapewe ushauri wa mapema kuhusu kula na mazoezi, lakini kwa uchunguzi wa moyo zaidi ya hapo, wapate ule ule wa watu wengine wote. Naelewa sababu: hakuna ushahidi wa kutosha kwamba kupima zaidi kunaokoa watu, na kumpima kila mtu kila kitu ni kumtia hofu na gharama. Kwa mtu anayeishi Boston labda inatosha. Lakini "watu wengine wote" wa huku ni nani? Utafiti wa kitaifa wa 2015 uligundua zaidi ya nusu ya watu wazima Kenya hawakuwa wamewahi kupimwa presha hata mara moja. Ukiniambia nipate kile wengine wanapata, umeniambia nipate hewa.

Na ukiwa msichana ni mbaya zaidi. Nikienda na ndevu naangaliwa ndevu. Nikienda na uso wa mviringo naambiwa nipunguze chipsi. Swali la kwanza huwa hedhi, la pili huwa "utazaa?", na kiti kinaisha kabla tufike kifuani. Kwa kichwa cha Mkenya, ugonjwa wa moyo ni wa mzee mwenye kitambi aliyeanguka akitazama mpira. Uchovu wangu unaitwa uvivu. Nikipanda zile orofa nne na nikikosa pumzi, hata mimi mwenyewe husema ni mitungi.

Sasa, uamuzi. Daktari alitaka kupunguza prednisoloni pole pole, kwa wiki nane, na kupima renini ili ajue kama fludrokotisoni imezidi. Akaniambia wazi kile kitakachorudi.

"Ndevu zitarudi. Si zote, lakini zitarudi."

"Nina mkataba, daktari. Wa uso."

"Najua. Nimeona hizo video, binti yangu huzitazama." Akanyamaza kidogo. "Ndevu tunaweza kuzitibu kwa wembe, kwa uzi, kwa leza ukipata pesa. Mshipa ukishakuwa mgumu, huo siwezi kuunyoa."

Nilimwambia anipe siku tatu. Usiniambie ilikuwa rahisi, ati afya kwanza, wewe ambaye kidevu chako hakijawahi kuwa habari. Nilikaa nikapiga hesabu. Video nne zilikuwa zimetoka, mbili zimebaki, na malipo ya mwisho yalikuwa yanangoja hizo mbili. Dozi ya juu kwa miezi miwili zaidi ingeniua? La. Pengine isingefanya chochote cha kuonekana. Lakini nilijua baada ya hiyo miezi kutakuja mkataba mwingine, na ningeomba miwili zaidi, na ningekuwa na miaka 30 nikiwa na ngozi safi na moyo wa mtu wa 60.

Mathe alinisikiliza akichambua sukuma. Hakusema fanya hivi ama vile. Aliuliza tu hiyo tembe ya chumvi inagharimu ngapi nikipewa nusu, akafurahi kusikia ni bei nusu pia. Shosho kwa simu kutoka Murang'a alisema ndevu si kitu, hata yeye anazo tatu.

Tulianza kupunguza wiki ya kwanza ya Julai. Renini ilirudi ikiwa chini sana, maana yake fludrokotisoni ilikuwa imezidi kweli, ikakatwa nusu. Kipimo hicho kimoja kilikula nusu ya kodi ya mwezi. Chumvi ya mezani nimehamisha, iko juu ya kabati ambapo lazima nipande kiti, na nakiri kiti nimepanda. Natembea kutoka stejini badala ya boda. Jumanne iliyopita presha ilikuwa 136 kwa 87. Haijafika lakini inashuka.

Desemba 2024 Marekani waliidhinisha dawa mpya ya CAH, krinesafonti. Inazuia ile amri ya ubongo isifike kwa nguvu, androjeni zinashuka, na mtu anaweza kupunguza steroidi bila kuota msitu. Yaani hili swali langu la ndevu ama moyo, kuna mahali duniani limeanza kupata jibu la tatu. Hapa sijaiona. Haidrokotisoni ya tembe yenyewe, ambayo ilianza kutumika kabla ya mathe kuzaliwa, bado naitafuta kwa tochi.

Kama una CAH, ama dada yako anayo, kliniki ijayo uliza mambo haya kwa sauti ya kusikika: presha yangu ni ngapi, fludrokotisoni yangu ilipimwa lini mara ya mwisho, sukari na kolesteroli tunapima lini. Andika kwa daftari. Nesi ananicheka na kadaftari kangu ka duka, lakini sasa yeye ndiye huniuliza kako wapi.

Ile kampuni niliwaandikia barua ndefu ya heshima, nikawaeleza kidevu changu kitakuwaje Agosti na kwa nini, na nikawaambia niko tayari kupiga video hizo mbili hivyo hivyo, na wembe mezani wakitaka. Walijibu kwamba wamepokea na watajadiliana. Leo ni siku ya 19. Mafuta yao bado nayapaka, ni mazuri, na yanatuliza ngozi baada ya kunyoa.